"Huna mke, huna mtoto, pesa unaweka ya nini?"

Swali hilo niliulizwa na ami yangu, mdogo wake baba, jioni moja ya Machi nilipokuwa na miaka 23. Nilikuwa nafanya kazi katika jiko la hoteli moja hapa Malindi, pwani ya Kenya, naosha masufuria na kumenya viazi, na pesa zangu nikiziweka katika kopo la maziwa ya unga nililolitoboa mfuniko. Chumba changu hakikuwa na kiti, kwa hivyo Ami aliketi kitandani, na kutoka pale akaliona kopo chini ya meza. Alikuwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Alizungumza kwa upole, wala hakuwa na nia mbaya: "Mwanangu, huna mke, huna mtoto, pesa unaweka ya nini?" Sikuwa na jibu. Nikalifungua kopo kwa kisu, nikahesabu juu ya shuka, nikampa shilingi 3,200 kati ya elfu nne na kidogo zilizokuwamo. Wiki tatu baadaye hoteli ikafunga kwa msimu wa mvua, tukaambiwa tutaitwa. Nikarudi kula kwa mama.

Ami sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Mtoto yule alimaliza shule. Lakini swali lake limekaa nami miaka yote hii, na kila ninapowasikia watu wazima wakisema vijana wa siku hizi hawajui kuweka akiba, hulikumbuka. Kwa maoni yangu, kijana wa Malindi mwenye kipato kidogo, ambaye hajaoa au hajaolewa, hukwama kwa sababu mbili ambazo wanaotoa ushauri wa pesa hawazigusi. Pesa yake huja kwa msimu ilhali njaa huja kila siku. Na kwa kuwa hana familia yake mwenyewe, ukoo mzima humhesabu kuwa hana matumizi.

Tuanze na msimu.

Ushauri unaozunguka kwenye simu zetu ni ule ule: chukua mshahara, nusu iwe ya mahitaji, asilimia 30 ya starehe, asilimia 20 ya akiba. Kanuni hiyo ina sharti ambalo halitajwi, kwamba mshahara uwe unaingia tarehe moja, kiasi kimoja, miezi yote 12. Karani wa serikali anaweza kuifuata. Mhudumu wa hoteli ya ufukweni, mvuvi, dereva wa tuktuk na binti anayesuka nywele mtaani Shella hawaiwezi, kwani riziki yao inafuata upepo.

Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, bahari hutulia, wavuvi hutoka, na ndege za Ulaya hutuletea watu wanaokimbia baridi. Waitaliano ndio tuliowazoea zaidi. Uhusiano wao na mji huu ni wa tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco cha kurushia satelaiti kule Ngomeni, na ndiyo maana utamsikia kijana wa Malindi ambaye hakumaliza darasa la nane akiongea Kiitaliano bila kutafuta maneno. Kisha Aprili huingia kusi pamoja na masika. Bahari huchafuka, vyombo vidogo huvutwa nchi kavu, hoteli nyingine hufunga milango hadi Julai, na vibarua huambiwa wakae nyumbani. Agosti huja na nafuu kidogo, halafu mambo hulegea tena mpaka Desemba.

Watu husahau kwamba upepo huu hauwagusi walioajiriwa hotelini peke yao. Mama anayechoma mahamri na kupika mbaazi Barani huenda hajamuuzia Mtaliano hata mmoja maishani mwake, lakini wanunuzi wake wa alfajiri ni vijana wanaokwenda kazini hotelini. Wakikaa nyumbani, mbaazi zake hushuka kutoka kilo mbili hadi moja. Kinyozi huona hivyo hivyo, na mwenye nyumba pia, anayegonga mlango tarehe tano akijua atakachoambiwa.

Sasa tufanye hesabu. Chukua mfano wa mhudumu wa mezani, miaka 25, amepanga chumba kimoja Maweni. Tuseme katika miezi minne ya kaskazi, ukijumlisha ujira na bakshishi, anapata 18,000 kwa mwezi. Miezi mitano ya kati anapata 12,000. Miezi mitatu ya kusi, akiwa nyumbani na kuokoteza kibarua hapa na pale, anapata 4,000. Jumla ya mwaka ni 144,000, yaani 12,000 kwa mwezi. Huyu ni mtu wa elfu kumi na mbili. Lakini Januari anapofungua simu na kuona kumi na nane, moyo wake unamwambia yeye ni mtu wa elfu kumi na nane, na marafiki, wenye duka na ndugu nao wanamwona hivyo.

Zile 6,000 za juu si ziada hata kidogo. Ni chakula cha Mei kilichofika mapema. Akiziweka kando zote kwa miezi minne atakuwa na 24,000, na pengo la miezi mitatu ya kusi ni 24,000 hizo hizo. Kwa hivyo anayemwambia Januari aweke asilimia 20, yaani 3,600, anamwongoza kwenye njaa. Inampasa aweke theluthi nzima ya pesa aliyoishika, na akishaiweka bado hajaanza kujenga chochote. Amejihakikishia kodi na unga tu. Naomba wenye kuwasema vijana waiangalie hesabu hii tena kabla ya kufungua midomo. Kijana aliyeivuka kusi bila deni, mkononi akiwa hana kitu, ameshaweka akiba mwaka huo na ameila kihalali.

Kalenda ya mwezi nayo ina nguvu zake. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2018 ilianza katikati ya Mei, kusi ikiwa imeshika, na Idi ya mwaka ule ilikuwa ya nguo za mkopo kwa wengi. Mwaka 2026 inaangukia Februari na Machi, na itaendelea kubaki ndani ya kaskazi kwa miaka kadhaa. Nimewasikia wenzangu wakifurahi kwamba sasa Idi inatukuta na pesa. Furaha hiyo naielewa, lakini inanitia wasiwasi. Zamani Idi ilitukuta hatuna, tukajibana. Sasa inatukuta tumeshika pesa ya Mei, na kanzu mpya, futari za wageni na zawadi za wapwa zinalipwa kwa pesa hiyo, wiki chache tu kabla hoteli hazijafunga.

Na msimu wenyewe hauaminiki. Desemba 2007, mji ukiwa umejaa wageni, uchaguzi uligeuka vurugu na wageni wakaondoka. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya korona, na hazikuruhusiwa tena hadi Agosti mosi. Aliyekuwa ametumia pesa za Januari akitegemea za Pasaka alibaki mikono mitupu.

Sababu ya pili ndiyo inayoniuma zaidi.

Jumapili moja ya Januari niliketi barazani na kijana wa jirani yangu, dereva wa tuktuk ya mtu. Tangu adhuhuri hadi adhana ya magharibi simu yake ililia mara saba, na kila alipokata alinisimulia. Shangazi, dawa ya bibi, 600. Kamati ya harusi ya mtoto wa mjomba, mchango 1,000, majina yatasomwa kwenye kikundi. Matanga kule Ganda. Dada, vitabu vya mtoto wake. Kaka mkubwa, unga na kodi. Binamu aliyekamatiwa pikipiki. Mwalimu wa madrasa aliyemfundisha, paa linavuja. Wote aliwajibu kwa adabu, "Sawa shangazi, nikipata nitatuma," "Inshallah kaka." Watatu aliwatumia palepale. Nilimuuliza kijana yule, je, kaka yake mkubwa, ambaye ana kazi ya kudumu, naye ameombwa na wangapi siku ile? Akanitazama kama nimeuliza jambo la ajabu. "Kaka ana watoto," akasema.

Hapo ndipo penye fundo. Kwetu ndoa ni kinga ya mfuko. Mwenye familia akisema watoto hawajala, mwombaji huona haya na kuondoka. Asiye na mke au mume hana sentensi ya kusema. Akisema hana, haaminiki, maana ana nini cha kumalizia pesa? Kwa hivyo yule mwenye kipato kidogo kuliko wote nyumbani anaweza kuwa ndiye anayebeba sehemu kubwa kuliko wote. Kwa binti huzidi, kwani mwana wa kike anatarajiwa kumjua mama yake kuliko mwana wa kiume, na siku atakayoolewa watu watasema amekwenda kwa watu. Basi hukamuliwa mapema.

Wapo wanaowashauri vijana wawakate ndugu, wazime simu, wajifunze kusema hapana. Ushauri huo siupokei. Yule bibi wa dawa ya 600 ndiye aliyemlea dereva wetu. Na mwezi wa Mei, tuktuk ikikosa abiria, sahani yake itakuwa kwa shangazi. Mimi mwenyewe nilirudi kula kwa mama, na mama alikuwa akipokea kwa Ami kila alipopungukiwa. Hiyo ndiyo bima tuliyokuwa nayo kabla ya bima yoyote. Kumwambia kijana aivunje ni kumwambia abomoe ghala analolihitaji miezi minne baadaye. Swali la haki ni hili: ataihifadhi vipi pesa bila kuwakosea watu?

Mama zetu walilijibu swali hilo zamani, na jibu lao ni mchezo, yaani kuchangiana pesa na kupokezana kwa zamu.

Sikiliza majibu mawili. La kwanza: "Shangazi, hiyo pesa nimeiweka akiba." La pili: "Shangazi, hiyo pesa ni ya mchezo, Jumamosi ni zamu ya mwenzangu." Jibu la kwanza linamvunja moyo, kwani anasikia kwamba pesa ipo na amenyimwa. La pili analipokea bila kinyongo, maana yeye mwenyewe yumo katika mchezo na anaijua aibu ya kukosa siku ya zamu. Pesa ni zile zile na mfuko ni ule ule, ila katika jibu la kwanza pesa ni yako, na katika la pili ni ya watu. Nimeishi na jambo hili muda mrefu na nimeridhika nalo: kwa kijana asiye na familia na mwenye kipato kidogo, akiba inayodumu ni ile aliyoigeuza deni kwa wenzake. Kopo langu la maziwa lilikuwa na kosa moja kubwa, halikuwa na mdai mwingine isipokuwa mimi.

Utaratibu wenyewe wengi wanaujua. Watu 16, kila mtu 500 kila Jumamosi, na kila Jumamosi mmoja anabeba 8,000. Hakuna ada wala riba, na hilo lina uzito katika mji ambao Waislamu wake wengi hawataki riba ya benki iguse pesa zao, hata kama benki za Kiislamu kama Gulf African zimekuwepo nchini tangu 2008. Anayechukua mwanzo amekopeshwa bila riba. Anayechukua mwisho amewekewa akiba. Kwa hivyo zamu isipigwe kura tu. Mwenye haja ya mtaji, tuseme jokofu dogo la kuuzia juisi, aombe ya mwanzo. Mwenye haja ya akiba aombe ya mwisho. Na mchezo uwe wa watu wanaojuana kwa nyumba, si kwa namba za simu. Vikundi vya WhatsApp vya watu wasiofahamiana vimewaliza vijana wengi, kwani kinachoulinda mchezo ni aibu ya kukutana msikitini, kanisani na sokoni, na usiyemjua hana aibu nawe.

Hata hivyo mchezo wetu una kasoro moja kubwa, nayo inarudi kwenye upepo. Unadai kiasi kile kile kila wiki, wakati mapato yetu yanapanda na kushuka. Mchezo ulioanza Februari ukiwa na watu 16 unaikuta kusi bado njiani. Aprili wawili wanachelewa, Mei watano hawapokei simu, na wanaoumia ni wale wenye zamu za mwisho, yaani hasa wale waliotaka kuweka akiba. Nimewaona wasichana wa saluni wakigombana mpaka wakaachana kwa ajili ya hilo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mwizi. Dawa ni kuufunga mchezo ndani ya kaskazi. Uanze Jumamosi ya kwanza ya Desemba, wiki 16, uishe Machi. Kusi ikiingia, hakuna anayedaiwa.

Vikundi vya hisa vyenye sanduku la kufuli tatu na wenye funguo watatu vinafanya vizuri zaidi, kwani mtu ananunua hisa nyingi akiwa nacho na chache akiwa hana. Vingi ninavyovijua huvunja sanduku Desemba. Hili nalipinga kwa nguvu zangu zote. Desemba ndio mwezi ambao Malindi ina pesa! Mnagawana akiba wakati bakshishi zinaingia, mnazichanganya na pesa za sikukuu, na Mei sanduku lina hisa za miezi minne tu, nalo limefungwa. Tarehe ya kuvunja sanduku imechukuliwa kutoka bara, kwa watu wanaosubiri Desemba kwenda kwao mashambani. Sisi tungevunja katikati ya Mei, mvua ikinyesha, mitumbwi ikiwa imelala mchangani.

Sasa simu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilitupa mahali pa kuweka pesa pasipohitaji benki, na sina haja ya kuibeza. Lakini kwa mtu wa pesa kidogo ina gharama ambayo wengi hawaihesabu. Ukitoa 200 kwa wakala unakatwa shilingi 29. Ukitoa 2,500 unakatwa 29 hizo hizo. Kijana anayetoa mia mbili kila jioni kwa siku 25 ametoa 5,000 na kulipa 725. Mwenzake aliyetoa 5,000 zile kwa mara mbili amelipa 58. Tofauti ni 667, nayo inazidi hisa ya wiki nzima ya ule mchezo wetu. Kulipa dukani kwa namba ya till hakumkati mnunuzi chochote, kwa hivyo muuza duka mwenye till ni rafiki kuliko wakala.

Fuliza, mkopo wa M-Pesa unaokujazia pale salio lisipotosha, ni habari nyingine. Tangu ilipoingia mwaka 2019 imewaokoa watu usiku wa hospitali, hilo nalikubali. Ila ina tabia ambayo inaua akiba: pesa yoyote inayoingia kwenye laini hulipa deni kwanza, pamoja na ada zake. Mwenye deni la Fuliza hawezi kuweka akiba kwenye laini ile ile hata akitaka. Kila anachopokea kinamezwa kabla hajakiona. M-Shwari, huduma nyingine ya mikopo ya simu, nayo hutoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na ukiurudia mkopo huo kila mwezi wa mwaka umelipa asilimia 90 ya ulichokopa. Hata serikali, ilipozindua Hustler Fund, mfuko wake wa mikopo midogo, Novemba 2022, iliweka utaratibu wa kukata asilimia 5 ya kila mkopo na kuipeleka kwenye akiba kabla mkopaji hajaishika. Waliotunga utaratibu ule walilijua lile mama zetu walilolijua, kwamba pesa isiyopita mkononi hailiwi.

Nje ya simu kuna akiba ambazo hazina jina la akiba. Binti ananunua bangili nyembamba ya dhahabu baada ya msimu mzuri. Ikifika Juni anaipeleka kwa sonara na kurudi na kodi. Kijana wa Marafa ananunua mbuzi wawili na kumwachia bibi, ingawa ukame wa miaka ya 2021 na 2022 ulituonyesha mbuzi wanavyoweza kwisha. Mimi napenda zaidi mawe. Kijana mwenye kiwanja cha ukoo anayenunua mawe ya kujengea, safari moja ya gari kila mwezi wa kaskazi, amepata akiba ambayo hakuna shangazi atakayeiomba. Watu hupita, huyaona yale mawe yamepangwa, humwombea dua. Tena mawe hayaliwi na bei za vitu kupanda. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6, na pesa iliyolala kwenye kopo mwaka mzima ilipoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake bila mtu kuigusa. Neno moja tu kwa wanaokwenda kununua viwanja: usitoe akiba ya miaka mitatu kwa karatasi iliyoandikwa barazani. Pwani hii imejaa watu waliouziwa ardhi isiyo ya aliyewauzia.

Matumizi ya mtu mmoja nayo ni ghali kuliko yanavyoonekana. Chumba ni kimoja, awe mmoja au wawili ndani, kodi haigawanyiki. Mkaa wa kopo, mafuta ya kupima, sukari robo, vyote kwa kipimo kidogo vina bei kubwa ukilinganisha na gunia na dumu. Na mtu aliyetoka kazini saa nne usiku hapiki maharagwe yanayochukua saa mbili kwa ajili ya tumbo moja. Atanunua viazi karai na soda. Vijana wa hoteli niliofanya nao kazi tulikuwa tukila sinia moja, watu wanne vyumba vinne, gunia moja la mkaa kwa kuchanga, mpishi kwa zamu. Sijawahi tena kula vizuri kwa bei ile. Siku hizi naona kila mlango umefungwa na kila mtu na chipsi zake, na nahuzunika, kwa ajili ya pesa na kwa ajili ya upweke pia.

Kamari ya simu sina haja ya kuizungumza kwa urefu. Anayecheza anajua imemla kiasi gani, na mara nyingi alianza kuicheza Mei, alipokuwa na siku nzima na mia moja mfukoni.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu: kwamba mazungumzo haya yote ya akiba yanamtupia mzigo kijana, wakati tatizo ni ujira. Ni kweli. Kijana anayeitwa kibarua kwa misimu mitano mfululizo katika hoteli ile ile anadhulumiwa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mkataba wa mshahara wa mwezi, na haki zake zinabadilika. Wachache sana wanakijua kifungu hicho. Mwenye mkataba anakatwa asilimia 6 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwajiri anaongeza nyingine 6, chini ya sheria ya 2013 iliyoanza kutekelezwa Februari 2023. Hiyo ni akiba maradufu ambayo kibarua anaikosa. Kibarua huyo huyo akitaka bima ya afya ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, na asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, 3,600. Ukiniuliza pesa hiyo ilipwe lini, nitakwambia Januari, siku bakshishi za mwaka mpya zinapoingia, kabla ya kanzu na kabla ya simu ya pili. Homa ya Mei hospitalini ndiyo inayovunja masanduku mengi.

Kwa hiyo ujira upiganiwe, na sanduku lijazwe. Sioni kwa nini moja lisubiri jingine.

Mwezi uliopita nilialikwa kuzungumza na vijana 14 wa Muyeye, wavulana kwa wasichana, wengi wao wa hoteli, wawili wavuvi, mmoja mshona viatu. Walikuwa na sanduku tayari, la bati, limepakwa rangi ya kijani, kufuli tatu. Tulibishana kwa saa nzima juu ya tarehe. Mmoja alitaka Desemba kwa sababu anataka kuoa. Mvuvi akamuuliza kama mke huyo hatakula mwezi wa Mei. Mwisho wakaandika kwenye daftari: Jumamosi ya pili ya Mei, saa kumi alasiri. Ikabaki funguo. Mbili zikapata wenyewe haraka. Ya tatu ilileta shida, kwani kila aliyetajwa alikuwa na ndugu wa kumbana. Hatimaye wakamtuma msichana mmoja nyumba ya tatu, kwa mama anayewapikia mbaazi asubuhi, ambaye hata si mwanachama. Alikuja akiwa na unga mikononi, akasikiliza, akauliza kama yupo yeyote kati yao atakayekuja kuudai usiku akilia. Wakasema hapana. Akauchukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la leso yake, akarudi kwenye sufuria.